Pampu ya miguu au soksi za kubana baada ya upasuaji wa nyonga?

SWALI: Mama yangu ana miaka 71. Amefanyiwa upasuaji wa nyonga hospitali ya Bugando, Mwanza, na wiki hii tunarudi naye Nansio, kisiwani Ukerewe. Tumeambiwa damu inaweza kuganda miguuni. Duka la vifaa tiba lina soksi za kubana, pampu ya hewa ya umeme na nyingine ya betri. Ninunue ipi?

JIBU: Pole kwa kuuguza. Kwanza kabisa, sindano au vidonge vya kuzuia damu kuganda alivyoandikiwa visikatizwe mkifika nyumbani. Baada ya upasuaji wa nyonga dawa hizo huweza kuendelea hadi siku 35, na hakuna kifaa kinachofidia dozi zilizorukwa.

Kati ya soksi na pampu, mimi nachagua pampu. Soksi hubana muda wote, zaidi kifundoni. Pampu hujaa hewa na kupungua, mara nyingi kwa mgandamizo wa milimita 40 hadi 50 za zebaki, ikiisukuma damu kurudi moyoni kama misuli ya mguu inavyofanya mtu akitembea. Katika utafiti uliotolewa Uingereza mwaka 2013 kwa wagonjwa wa kiharusi wasioweza kutembea, damu iliganda kwa asilimia 8.5 ya waliovaa pampu na asilimia 12.1 ya wasiovaa. Soksi ndefu zilipojaribiwa kwa wagonjwa wa aina hiyo hazikusaidia, na baadhi walichubuka ngozi. Wale hawakuwa wa nyonga, ila tofauti hiyo naizingatia.

Chukua ya betri. Ya umeme itamfunga kitandani, nasi tunataka mama atembee. Tena umeme ukikatika inasimama. Muulize muuzaji betri inakaa saa ngapi, kisha pima unene wa mguu kabla ya kulipa. Pampu inayovaliwa saa mbili kwa siku ni hela iliyopotea. Ivaliwe karibu muda wote anapokuwa amelala au amekaa, ivuliwe akienda kuoga na kukagua ngozi.

Usimvalishe kabla daktari hajamwona ikiwa ana vidonda mguuni, mishipa ya ateri iliyoziba, moyo uliochoka sana, au kisukari kilichomtia ganzi nyayoni. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, pampu isiwashwe mpaka apigwe utrasaundi. Akibanwa na pumzi ghafla, akichomwa kifua au akikohoa damu, msingoje meli ya kuvukia Mwanza: mkimbizeni hospitali ya wilaya hapo Nansio saa hiyohiyo.