Aliye juu mtoni na aliye chini wawe na baraza moja

Swali la wiki hii lilikuwa: ikiwa mazingira, maliasili na miundombinu tayari vina wizara juu na halmashauri chini, baraza la mkoa ni la nini? Nashukuru limeulizwa, maana wengi wanaliona baraza hilo kama ngazi ya ziada ya kulipana posho. Mimi nasema linahitajika, na linahitajika sana, ila kwa sharti moja: mipaka yake ifuate maji.

Kwa miaka kadhaa kazi yangu ilikuwa kusoma kipimio cha mto. Ni ubao uliosimikwa ukingoni, umechorwa mistari ya sentimeta kama rula ya shule. Kila asubuhi unaangalia maji yamefika mstari gani, unaandika kwenye daftari pamoja na saa, basi. Kiangazi kimoja maji yalishuka mpaka ubao ukabaki umesimama kwenye tope lililopasuka. Mvua za mwaka ule zilikuwa za kawaida kabisa. Ukaguzi ulipofanyika, ikaonekana kila aliyekuwa akivuta maji huko juu ana kibali halali. Halmashauri tatu zilikuwa zimetoa vibali, kila moja ikihesabu vyake, na kwa hesabu zake hakuna iliyokosea. Kilichokausha mto ni jumla, na jumla ile haikuwa mezani kwa mtu yeyote.

Kushika jumla ndiyo kazi ninayoitaka kwa baraza la mkoa. Lori moja la mchanga haliui mto. Pampu moja haiui, wala ekari moja ya msitu ikifyekwa. Ofisi inayoona lori moja tu itaruhusu lori moja kila siku, na itakuwa imefuata sheria siku zote. Wizara nayo iko mbali mno. Inapata taarifa daraja likishaanguka.

New Zealand ilipofumua serikali zake za mitaa mwaka 1989, ilifuta mamia ya bodi ndogo ndogo na kuchora mikoa kwa kufuata, kwa sehemu kubwa, mabonde ya mito. Mwaka 1991 sheria ya usimamizi wa rasilimali ikayakabidhi mabaraza ya mikoa dhamana ya maji, hewa, udongo na pwani. Mfano wake ninaoupenda ni Ziwa Taupō. Maji yake ni maangavu, na yalikuwa yakitishiwa na naitrojeni, rutuba inayoyaotesha mwani, inayotoka kwenye malisho ya mifugo. Ugumu ni kwamba sehemu kubwa ya naitrojeni hiyo husafiri chini ya ardhi, pengine kwa miongo kadhaa, kabla ya kulifikia ziwa. Yaani ziwa linapokea leo matokeo ya ufugaji wa jana na juzi. Baraza la mkoa wa Waikato likaweka kikomo cha naitrojeni kwa kila shamba, na mfuko uliochangiwa na serikali kuu, baraza hilo na halmashauri ya wilaya ukawalipa wafugaji ili naitrojeni ya mashambani ipungue kwa asilimia 20. Hebu fikiria uzito wa uamuzi huo. Wanaolipa leo huenda wasiyaone maji yakitulia. Diwani anayetazama kata yake na uchaguzi ujao hawezi kuubeba peke yake, nami simlaumu.

Nije kwenye barabara, maana hapo ndipo watu hudhani mazingira yameishia na kazi ya wahandisi imeanza. Mhandisi anapopanga ukubwa wa kalvati, yaani njia ya maji chini ya barabara, anapiga hesabu ya maji yatakayoshuka kutoka mlimani jinsi mlima ulivyo siku hiyo. Msitu ukiwapo, mvua inanyonywa na kuteremka taratibu. Ukifyekwa, maji yaleyale yanafika kwa pamoja, yamebeba matawi na udongo. Nimewahi kuinama kwenye mdomo wa kalvati asubuhi baada ya mvua: magogo yamejipanga kama vijiti kinywani, tope limekaza katikati, na maji yaliyokosa njia yameipanda barabara na kuikata. Bili ya kujenga upya inakwenda idara ya barabara. Aliyeruhusu msitu ufyekwe halipi chochote, na mwakani ataruhusu tena. Mamlaka ya kibali na gharama ya ukarabati vikikaa nyumba moja, ndipo anayesaini kibali atakapouona mtaro.

Mamlaka ya kukataa nayo ni lazima. Oktoba 1954 kimbunga Hazel kiliua watu 81 katika jimbo la Ontario, Kanada. Kati yao 35 walikufa kwenye mtaa mmoja wa Toronto, Raymore Drive, uliokuwa ukingoni mwa mto Humber. Tangu 1946 jimbo lilikuwa na sheria ya kuunda mamlaka zinazofuata mabonde ya mito. Baada ya msiba ule zikapewa nguvu ya kutwaa ardhi inayofurika na kuzuia watu kujenga humo. Palipokuwa na nyumba zile, leo ni bustani ya umma.

Halafu pesa. Katika bajeti hakuna kinachokatwa haraka kama matengenezo, kwa kuwa mtaro uliozibuliwa haualiki mgeni rasmi. Uholanzi imelitatua hili zamani: mabaraza yake ya maji, ambayo baadhi yana mizizi ya karne ya 13, leo yako 21, yana wajumbe wa kuchaguliwa na yanatoza kodi yao wenyewe. Fedha za tuta la kuzuia mafuriko hazigombanii fungu moja na shule au hospitali. Baraza la mkoa lisilo na chanzo chake cha mapato litakuwa la kuandika mipango tu.

Najua pingamizi lililopo, na ni la haki: wenye mashamba makubwa na migodi wanaweza kulishika baraza hilo mkononi, hasa uchaguzi wake ukiwa haufuatwi na watu. Kinga ninayoiamini ni vipimo kuwa wazi. Daftari zangu zote ziliishia kwenye kabati la ofisi, na kwa miaka yote ile hakuna mwananchi hata mmoja aliyeonyeshwa ukurasa. Ningetaka kila mwezi zibandikwe kwenye ubao wa matangazo, kando yake orodha ya vibali, jina la mwenye kibali na lita anazovuta kwa sekunde, ili mama anayechota maji kule chini ajumlishe mwenyewe.