Pesa yako tumeiona, wewe hatujakuona

Haipiti muda mrefu bila mtu kunipigia: "Dada, nimepata uhamisho, nakuja huko kwenu Iringa. Watu wa huko vipi, si ndio wakarimu?" Wanaouliza karibu wote ni watu wa Dar, na swali wanalileta likiwa limeshajijibu. Kwao mkoani ni mahali unapochinjiwa kuku hata hujavua viatu, na mjini ni mahali unapoweza kufia chumbani jirani akaja kujua kwa harufu. Na mimi niliondoka Tandika mwaka 2018 nikiamini hivyo hivyo. Cherehani moja, mabegi mawili, mwezi wa sita. Mwezi wa sita! Hakuna aliyeniambia kwamba Iringa mwezi wa sita unavaa sweta juu ya sweta.

Miezi mitatu ya mwanzo nilikuwa nawaambia ndugu zangu kwenye simu kwamba Wahehe wana roho ngumu. Hakuna aliyenitukana, hakuna aliyeniibia hata sindano. Ila hakuna aliyenichekea. Dar ukipanda daladala konda anakuita anti, mpenzi, mama kijacho na wala huna mimba. Ukikatiza Kariakoo umeshapewa majina manne na wanaume ambao hawatakuona tena maisha yao. Mtu mnakaa naye siti moja kutoka Mbagala Rangi Tatu, anakusimulia ndoa yake yote pamoja na kesi ya kiwanja, mnashuka, kila mtu na njia yake. Sasa mimi niliyekulia humo, nimekaa kibarazani kwangu Mlandege, watu wanapita, wananitazama, wanaendelea na safari.

Siku ya nne au ya tano nilihitaji vifungo. Nikamfuata mama mmoja aliyekuwa anauza mboga kwenye kona. "Mama samahani, duka la vifaa vya kushonea liko wapi?" Alikuwa anafunga mafungu ya mnafu. Akainua macho, akanitazama, akasema, "Kamwene." Akanyamaza. Nikadhani hajanisikia, nikauliza tena. "Kamwene," akarudia, polepole, kama anamfundisha mtoto kusoma. Hapo ndipo nikajua kuna kitu nadaiwa. Nikaitikia kamwene, nikaongeza na shikamoo, akaitikia, akaniuliza nimeamkaje, nikamuuliza za nyumbani kwake, akataka kujua natokea wapi na baridi naionaje. Tulipomaliza alisimama, akajifuta mikono kwenye khanga, akanipeleka mwenyewe hadi mlangoni mwa duka. Mboga zake kaziacha pale pale, hazina mtu.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza kwa anayehamia ni mdogo na unachosha: salimia mpaka mwisho. Dar salamu tunaitupa tukiwa njiani kuelekea kwenye shida yetu. Huku ukiiruka umeshamwambia mwenzako kwamba yeye ni kibao cha barabarani, kazi yake kukuonyesha njia. Kamwene itakufikisha mbali Iringa na hata Njombe. Ukishuka Rungwe jifunze ndaga ya kushukuru. Hata ukitamka vibaya haidhuru, watakucheka, na kuchekwa ni hatua.

Ila usije ukazikusanya nyanda za juu zote kwenye kapu moja. Mbeya huwa nakwenda kufuata vitenge, na ukweli ni kwamba nikishuka pale Mwanjelwa najisikia nusu nimerudi nyumbani. Ile ni Kariakoo iliyovaa koti. Mji umekaa njiani kuelekea Tunduma na Kasumulu, mizigo ya Zambia na Malawi inapita, watu wamezoea wageni, wanaongea kwa sauti, wanakutania huku wanakupandishia bei. Sasa panda gari Uyole, elekea Tukuyu, uone mambo yanavyobadilika.

Kuna mteja wangu mmoja alinialika kwao huko Rungwe. Tunatembea kwenye njia nyembamba, migomba huku na huku, anaongea bila kupumua, ghafla sentensi imekatika na mtu simwoni. Kaingia migombani! Nikajua nyoka, au anayemdai. Mbele akatokea mzee mmoja na fimbo yake, nikamwamkia, akaitikia vizuri tu, akapita. Mwenzangu akarudi njiani anajikung'uta majani. Alikuwa baba mkwe wake. Kwa mila ya Kinyakyusa mke humwepuka baba mkwe, hakutani naye uso kwa uso, na hiyo ndiyo heshima yenyewe. Wengine siku hizi hawaishiki sana, yeye anaishika. Ningekuwa napita peke yangu nikamwona mwanamke ananyanyuka na kumkimbia mzee wa watu, ningerudi Dar kusimulia kwamba wanawake wa kule wana dharau.

Sasa nije kwenye kosa langu lenyewe, maana ndilo linalofanya niandike.

Mwaka ule ule wa kwanza, nyumba ya tatu kutoka kwangu walifiwa na mzee wao. Mimi nilikuwa na sare za harusi ya Jumamosi, magauni kumi na moja, hata moja halijapigwa pindo. Alipopita mkusanya michango nikamtumia elfu ishirini kwa simu papo hapo, nikarudi kwenye cherehani. Nilijiona nimefanya jambo kubwa. Wengine walitoa elfu mbili na sado ya mahindi. Dar hiyo ni rambirambi ya kutosha kabisa, jina lako linasomwa, watu wanajua ulikuwa kazini, yamekwisha.

Haukupita muda nikashikwa na kifua. Siku nne duka limefungwa, nipo ndani na blanketi mbili, nasikia watu wakipita nje, hodi hakuna. Siku nne! Mama wa mboga peke yake ndiye aliyemtuma mtoto kuulizia. Nilipopata nafuu, nina kinyongo kweli, nikaenda kwa bibi anayeishi mbele yangu nikamwaga yote: mimi si mtu wa kubana, kwenye msiba nimetoa kuliko wote, halafu nakaribia kufa hakuna hata wa kunipa uji. Bibi alikuwa anamenya viazi. Hakuacha kumenya. Akasema, "Pesa yako tumeiona, mwanangu. Wewe hatujakuona."

Msiba uliofuata nilifunga duka siku mbili. Nikakaa mkekani na wanawake, nikaosha masufuria ambayo mtoto angeweza kuogea humo, nikapewa mwiko mrefu kama kasia nisonge ugali wa watu wote wale. Mikono ikagoma katikati ya sufuria. Wakanicheka mpaka mmoja akakaa chini, tena msibani. Nadhani siku ile ndiyo niliyohamia Iringa. Wiki hiyo nilikuta fungu la kuni mlangoni kwangu, sikuambiwa limetoka wapi mpaka leo.

Na mwaka 2021 nilipolazimika kwenda Dar kumuuguza mama, nikakaa wiki tatu, bibi yule alikuwa anakuja kukaa kibarazani kwangu kila asubuhi na viazi vyake, anapokea vitambaa vya wateja, anaandika kwenye daftari. Ninalo bado. Ukurasa mmoja umeandikwa kwa penseli: "Mama wa geti la bluu. Gauni kiunoni linabana. Nimemwambia ameongezeka yeye." Hakuna kitambaa kilichopotea. Mteja mmoja tu ndiye hakurudi, nadhani ni yule wa geti la bluu.

Lakini nisije nikawa kama wale wanaohama mji kisha wanausema. Safari hiyo hiyo ya kuuguza, mama aliniangukia pale kituoni Mbagala, jua la saa saba, watu kibao. Kabla sijajua nipige kelele au nilie, vijana wawili wauza maji walikuwa wameshamnyanyua. Hakuna shikamoo wala pole. Mmoja ananifokea, "Oya dada, shika kichwa, kichwa!" Bajaji ikasimama, abiria aliyekuwa ndani akashuka mwenyewe bila kuambiwa. Dereva akatukimbiza hospitali kwa njia za vichochoroni ambazo mimi mzaliwa wa Temeke sizijui. Nafungua pochi, ananiambia, "We mwangalie mama, hela achana nayo." Nilipogeuka tena ameshaondoka. Sijui jina lake, yeye hajui langu, wala hatukusalimiana.

Ndiyo maana nabishana na wanaosema mjini hakuna utu. Upo, ila umejengwa kwa ajili ya watu wasiojuana. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728 Dar es Salaam. Mkoa mzima wa Iringa, kuanzia Ruaha Mbuyuni kwenye vitunguu hadi mashamba ya chai ya Mufindi, watu 1,192,728. Ukisema uwasalimie abiria wa mwendokasi mmoja mmoja kwa utaratibu wa mama yangu wa mboga, umepanda Kimara asubuhi, unafika Kivukoni mnajuana hadi majina ya wajukuu, na kazi umeshafukuzwa. Mtu wa Dar anakuchangamkia haraka kwa sababu hakudai kitu na wewe humdai. Kesho hamuonani.

Iringa kesho mnaonana. Ukimkosea mtu sokoni leo, Jumapili mko benchi moja kanisani, mdogo wake ndiye mwalimu wa mwanao, na shangazi yake ndiye mwenye nyumba wako. Ndiyo maana anakutazama kwanza. Akikukaribisha ndani amekukaribisha kwa miaka, na kuna hesabu humo: atakuja kwako usiku akiuguliwa, na utafungua. Wahamiaji wengi wanautaka upande mmoja tu wa hiyo hesabu. Kuku wanamtaka, kuosha masufuria hawataki.

Na kuna gharama nyingine, niiseme. Hapa huna siri. Fundi umeme alikuja kwangu mara mbili kwa wiki moja, nyaya za mwenye nyumba zimechoka, mara ya tatu nikaulizwa na mama wa mboga kama wazazi wake wameshapeleka barua ya posa. Umbea (na sisemi Mbeya) upo Dar pia, tofauti ni kwamba Dar unamfikia usiyemjua. Kama wewe ni mtu wa kutopenda kuulizwa, miezi yako ya kwanza itakuwa migumu. Nimejifunza kujibu nusu. Mtu hukuuliza kwa sababu ameshakuhesabu, ukimjibu "hayakuhusu" umejitoa mwenyewe kwenye orodha.

Mengine kwa haraka. Ukipanga nyumba, nenda kwa balozi wa nyumba kumi na mwenyekiti wa mtaa wiki ile ile, usisubiri kuitwa. Ukiwakuta watu wanakula wakakuambia karibu, nawa, mega hata tonge mbili, "nimeshiba" ya Dar hapa inasikika vibaya. Ulanzi, pombe ya mianzi, si lazima unywe, ila ukipewa masika ule mtamu, mtogwa, onja, na mkangafu, ule uliochachuka, uuheshimu, uliniweka chini nikaamka nimekosa basi. Utani wa Wahehe kula mbwa uliousikia Dar uache huko huko Dar mpaka mwenyeji autoe mwenyewe. Na baridi ikikuzidi, tafadhali usilale na jiko la mkaa chumbani umefunga madirisha, linaua watu usingizini.

Sasa nanyi mnaoshuka kutoka huku kwenda Dar, maana wengine mnasoma. Konda akikuita mpenzi hajakupenda. Jirani asiyekujua jina baada ya mwaka hana chuki na wewe, anaondoka saa kumi na moja alfajiri na kurudi saa nne usiku, amsalimie nani. Anza wewe, mpige salamu ya Dar, fupi, "mambo jirani", utashangaa. Ukiwa na shida sema shida yako moja kwa moja, tena kwa sauti, watu wa pale hawawezi kuisoma usoni kwako lakini wakiisikia wanakuja mbio kuliko sisi. Anayekuchangamkia mno kwenye stendi ya Mbezi na kutaka kukubebea begi, begi libebe mwenyewe.

Na kwa ndugu. Nawajua, mna desturi ya kutokea tu, alfajiri, na gunia la viazi na watoto. Ndugu yako wa Tandika anaishi chumba na sebule, sebuleni analala shemeji, na mwenye nyumba anahesabu ndoo za maji. Waliosema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe walikuwa na shamba la kumpeleka huyo mgeni, ndugu yako hana. Atakupokea kwa uso mzuri na usiku atakaa macho anapiga hesabu. Gunia la viazi litume tu kwa basi, litapokelewa kwa vigelegele. Wewe na watoto watatu, piga simu kwanza.