Tarantula amegoma kula

SWALI: Tarantula wangu (buibui mkubwa mwenye manyoya) hajala kwa wiki 3. Upara wa tumboni umekuwa mweusi na tumbo limenywea. Nimlazimishe kula?

JIBU: Hapana. Kugoma kula na upara kuwa mweusi ni dalili za kukaribia kujivua gamba. Kinachotutia wasiwasi ni tumbo kunywea: amepungukiwa maji, na buibui mkavu anaweza kunasa ndani ya gamba lake la zamani. Mwekee leo kisahani cha maji, loanisha kona moja ya udongo, lakini usimnyunyizie mwilini. Ondoa wadudu wote walio hai uliomwekea kama chakula. Wanaweza kumtafuna akiwa bado laini baada ya kujivua. Akilala chali anajivua, usimguse hata saa zikipita. Baadaye subiri siku 7 hadi 10, meno yawe meusi, ndipo umlishe.