Mume wangu kaanguka mkarafuuni, kaamka mtu mwengine

*Shangazi, assalaam alaykum. Nakaa Wete. Msimu wa karafuu wa mwaka juzi mume wangu alivunjikiwa na tawi, akaanguka na paji la uso likapiga kwenye mzizi. Alizimia, akashonwa, siku ya tatu akarudi nyumbani. Kidonda kimepona, anatembea, bei ya pishi ya karafuu anaikumbuka. Lakini si yule. Alikuwa mpole; sasa anamtukana mama yake, anakopa dukani ovyo, na msibani alicheka watu wakasikia. Juzi mtoto kamwaga chai juu ya jamvi la karafuu, akalivurumisha birika uani. Hazikupita dakika kumi ananiuliza, "Mbona mnanitazama hivyo?" Mkwe wangu anasema ni shetani wa mti. Mie naona hanipendi tena. Nidai talaka?*

Waalaykum salaam, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nimesita kwenye hilo swali lake baada ya birika. Mtu anayekuchukia hakuulizi kwa nini unamtazama, anajua. Mumeo hajui, kwa sababu palipoumia ndipo pale pale ambapo pangemwambia kuwa amekosea.

Nyuma ya paji la uso, juu ya macho, ndiko iliko sehemu ya ubongo inayotufanya tuone haya, tungoje, tupime neno kabla halijatoka. Ubongo ni laini, na mfupa wa fuvu chini ya sehemu hiyo si nyororo, una matuta. Mtu akianguka kwa kishindo, ubongo husogea ukajikwaruza hapo. Ngozi ikashonwa ikafunga, na ndani jeraha likabaki. Kutembea na kukumbuka bei kuna sehemu zake nyengine, ndiyo maana kila anayemuona anakwambia, "Mbona mzima?"

Wewe ni wa Pemba, mchezo wa ng'ombe unaujua: fahali huchokozwa, na kamba ndiyo inayomzuia. Ndani kabisa ya ubongo kuna kijisehemu chenye umbo la lozi kinachotuamshia woga na hasira. Huyo ndiye ng'ombe, na kila mwanadamu anaye. Mumeo alikuwa naye tangu siku ya ndoa yenu, ila kamba, yaani ile sehemu ya nyuma ya paji la uso, ilikuwa nzima.

Mwaka 1848, huko Vermont, Marekani, msimamizi wa ujenzi wa reli aitwaye Phineas Gage, kijana wa miaka 25, alilipukiwa na baruti, na mtaimbo wa zaidi ya mita moja ukampenya shavuni ukatokea utosini. Akaishi. Lakini daktari wake, John Harlow, aliandika kuwa mtu yule makini aligeuka mwenye matusi, asiyeshika jambo, hata rafiki zake wakasema huyu si Gage. Wengi huishia hapo wakimsimulia. Mie hunigusa zaidi kilichofuata: alikwenda Chile, akaendesha magari ya farasi kwa miaka kadhaa, na wapo watafiti wanaoamini kuwa kazi ile ya kila siku yenye mpango ndiyo iliyomrudishia utu wake mwingi. Alifariki 1860, akiwa ameandamwa na kifafa.

Kwa hiyo mpeleke tena hospitali. Usiseme tu "ana hasira". Sema alianguka, alizimia, tabia ikageuka. Ulizia rufaa ya kwenda hospitali ya Mnazi Mmoja, Unguja, kuna kitengo cha upasuaji wa ubongo. Akianguka kifafa, akitapika huku kichwa kinamuuma sana, au akilala ikawa haamki, msingoje kesho.

Nyumbani mpangie siku inayofanana na jana: kazi nyepesi, saa zile zile. Mkarafuuni asipande tena. Pesa ziweke wewe, na mwenye duka mwambie pembeni asimkopeshe. Akiwaka, usimjibu; mchukue mtoto mtoke. Kusomewa Kurani asomewe, ni kheri. Asifukizwe moshi wala asipigwe kwa jina la kumtoa shetani, na dawa za hospitali asikatazwe.

Talaka ni haki yako kuidai, lakini usiidai kwa kuwa hupendwi, maana hilo mie silioni katika barua hii. Ila birika safari hii limeangukia uani. Siku utakapoona mkono unainuka juu yako au juu ya mtoto, nenda kwenu kwanza, maneno baadaye. Jeraha lake linaeleza hasira. Halikuwajibishi wewe kupigwa.

Mkwe wako usimnunie. Matusi ya mwanawe yanamuuma kuliko yanavyokuuma wewe, na nadhani anamng'ang'ania huyo shetani kwa sababu shetani hupungwa akatoka, mwanawe akarudi kama alivyokuwa. Siku ya hospitali mchukue naye, aingie kwa daktari, asikie mwenyewe.