Maswali ya Wasomaji: C. L. R. James, Kriketi na Mapinduzi ya Haiti

SWALI: Ndugu Mhariri, nilipokuwa nikisoma habari za mapinduzi ya watumwa wa Haiti nilikutana na jina la C. L. R. James, kisha nikaliona tena kwenye jalada la kitabu kinachohusu mchezo wa kriketi. Je, ni mtu mmoja? Na kama ni mmoja, imekuwaje mwanahistoria wa jambo zito kiasi kile atumie nguvu zake kwenye mchezo?

JIBU: Ndugu msomaji, ni mtu mmoja, Cyril Lionel Robert James, aliyezaliwa Trinidad, kisiwa cha Karibi, mwaka 1901 na kufariki London mwaka 1989. Swali lako la pili limeulizwa na wengi, hata na watu waliompenda, na kwa maoni yangu linatokana na kuyatenganisha mambo ambayo yeye hakuyatenganisha kamwe.

Nyumba ya ukoo wake katika mji wa Tunapuna ilitazamana na uwanja wa kriketi. James anasimulia kwamba alipokuwa na umri wa miaka sita alikuwa akisimama juu ya kiti dirishani na kutazama wachezaji, na kutoka kwenye kiti hichohicho alipanda dirishani akanyoosha mkono hadi kwenye vitabu vilivyowekwa juu ya kabati. Miongoni mwa aliowatazama alikuwamo jirani yao Matthew Bondman, mtu mchafu, mvivu na mwenye ulimi mkali, ambaye watu wazima walimdharau; lakini aliposhika gongo la kriketi na kupiga goti kuupiga mpira, uwanja mzima ulimstaajabia. Mtoto yule alijiuliza uzuri ule ulitoka wapi, na ilimchukua zaidi ya nusu karne kuliandika jibu lake.

Baba yake alikuwa mwalimu, naye James akapata nafasi ya masomo katika Queen's Royal College, shule iliyolelewa kwa desturi za Kiingereza, ambako baadaye alifundisha. Alipomaliza masomo ilimbidi achague klabu ya kuchezea, na hapa ndipo tunapoona jinsi uwanja ulivyokuwa kioo cha jamii ya kikoloni: kila klabu ilikuwa na rangi yake na tabaka lake. Maple ilikuwa ya watu wa tabaka la kati wenye ngozi ya maji ya kunde, na Shannon ilikuwa ya watu weusi wa hali ya chini kidogo, walimu na makarani, waliocheza kama kwamba heshima ya watu wao wote iko mikononi mwao. James, ingawa alikuwa mweusi, alikubaliwa Maple kwa sababu ya elimu yake, akaenda. Baadaye alikiri waziwazi kwamba uamuzi huo ulimtenga na watu wa kawaida na kuchelewesha ukuaji wake wa kisiasa kwa miaka mingi. Sijasoma mahali pengine ambapo mwandishi anajihukumu kwa haki namna hiyo.

Mwaka 1932 alihamia Uingereza na kukaribishwa na Learie Constantine, mchezaji aliyetoka Shannon, ambaye alikuwa akiishi na kucheza Nelson, mji wa viwanda vya nguo huko Lancashire. Aliandika habari za kriketi katika gazeti la Manchester Guardian, akadai Visiwa vya Karibi vijitawale, na Italia ilipoivamia Ethiopia mwaka 1935 alikuwa mstari wa mbele katika kuitetea, pamoja na wenzake kama Jomo Kenyatta. Mwaka 1936 Paul Robeson, mwigizaji mweusi wa Marekani, aliigiza jukwaani London kama Toussaint Louverture, kiongozi wa mapinduzi ya Haiti, katika tamthilia ya James. Miaka miwili baadaye kikatoka The Black Jacobins, kitabu chake kuhusu mapinduzi hayo.

Uzito wa kitabu hicho ni kwamba watumwa hawaonyeshwi kama watu wa kuhurumiwa tu. James anaeleza kuwa kwa sababu walifanya kazi mamia kwa mamia pamoja katika mashamba na viwanda vya sukari, walijifunza kujipanga kwa namna iliyowakaribia wafanyakazi wa viwandani wa siku zetu kuliko kundi lolote la wakati ule. Ni jicho lilelile la mtoto wa dirishani: aliyedharauliwa anatazamwa kwa makini, na uwezo wake unaonekana.

Kitabu cha kriketi, Beyond a Boundary, kilitoka mwaka 1963. Kabla yake James alikuwa amerudi Trinidad mwaka 1958 na kuhariri The Nation, gazeti la chama cha Eric Williams, kiongozi wa Trinidad, ambamo aliendesha kampeni Frank Worrell awe nahodha wa West Indies, timu ya pamoja ya Karibi. Wachezaji weusi walikuwa wengi na hodari, lakini unahodha ulikuwa ukishikwa na weupe. Worrell aliteuliwa kuiongoza timu katika ziara ya Australia ya 1960 na 1961, akawa mweusi wa kwanza kuwa nahodha kwa mfululizo mzima wa mechi. Kwa James, huo ulikuwa ushindi wa kisiasa katika maana kamili ya neno hilo.

SWALI: Je, ni kweli kwamba aliwahi kuzuiliwa na serikali ya mwanafunzi wake mwenyewe?

JIBU: Ni kweli. Eric Williams alifundishwa na James akiwa kijana, lakini wawili hao walitofautiana mwaka 1960. James aliporudi Trinidad mwaka 1965 kuripoti mechi za kriketi dhidi ya Australia, hali ya hatari ilitangazwa na serikali ya Williams ikamweka kizuizini nyumbani. Haikuwa mara ya kwanza kuzuiliwa: mwaka 1952 Marekani, alikokuwa ameishi tangu 1938, ilimfungia Ellis Island, kituo cha wahamiaji huko New York, ili imfukuze, naye akiwa humo aliandika kitabu kizima cha uhakiki wa riwaya za mwandishi Mmarekani Herman Melville, akamalizia kwa sura inayohusu kufungwa kwake. Nakala zilipelekwa kwa wajumbe wa bunge la nchi hiyo. Hata hivyo, mwaka 1953 aliondoka.