Maswali Yenu: Wakorea wa Mji wa Mahindi

Tangu nilipowagusia jirani zangu Wakorea hapa Urbana, Illinois, ujumbe haujakatika. Najibu machache.

Mtu anaachaje Los Angeles, kwenye mtaa mzima wa Wakorea, aje kukaa katikati ya mashamba? (Msomaji, Dar es Salaam)

Wengi hata Los Angeles hawakupita, kaka. Walitua Chicago, wakateremka kilomita 200 na ushei kusini kwa sababu ya chuo kikuu. Champaign na Urbana ni miji pacha, watu wapatao 126,000 kwa sensa ya 2020, na katikati yake kipo Chuo Kikuu cha Illinois, cha tangu 1867. Baba anakuja kusoma uhandisi, mama anamfuata, mtoto anazaliwa, kazi inapatikana. Ukiuliza wanarudi lini, wanacheka. Kwingine kinachovuta ni kiwanda: Holland, Michigan, LG, kampuni ya Kikorea, inatengeneza betri.

Nyumba kweli ni rahisi? (Mama wawili, Mombasa)

Ukilinganisha na Seoul, ndiyo. Kule kuna upangaji uitwao jeonse: unamkabidhi mwenye nyumba amana nzito, mara nyingi zaidi ya nusu ya bei ya nyumba yenyewe, hulipi kodi ya mwezi, na ukihama anakurudishia. Jirani yangu anasema amana ya fleti yao ya Seoul ndiyo iliyowanunulia hapa nyumba yenye ua na gereji. Ila dalali hatakutajia mapema kodi ya majengo ya Illinois. Inauma.

Wanafuata shule? (Mwalimu, Arusha)

Wanakimbia mtihani, mwalimu. Kila Novemba Korea Kusini inafanya suneung, mtihani wa kuingia chuo, na wakati wa sehemu ya kusikiliza Kiingereza hata ndege haziruki wala kutua. Kabla ya hapo mtoto ameshapitisha miaka akitoka shuleni na kuingia tuisheni hadi usiku. Hapa alasiri yuko uwanjani anacheza mpira. Tena mkazi wa jimbo hulipa ada nafuu katika vyuo vya jimbo, hesabu ambayo hakuna mzazi asiyeijua. Mama wa jirani, lakini, haamini kabisa hiyo raha: Jumamosi ni masomo ya Kikorea, Jumatano piano, na hesabu anasimamia mwenyewe mezani.

Wana upatu kama sisi? (Msomaji, Iowa City)

Wanao, unaitwa kye. Na kwenye mji kama huu unatulia, maana ukila zamu yako ukatoroka, Jumapili kanisani watakuulizia wote. Kanisa ndilo kila kitu: ibada, chakula cha mchana baada ya ibada, habari za kazi, fundi wa gari. Ndiyo pia kero yenyewe. Binti akionekana na mvulana mgahawani, mama anajua kabla binti hajafika nyumbani.

Wanakula nini huko? (Dada, Bukavu)

Hapa nina mengi, dada yangu. Novemba niliitwa gereji kwa jirani kusaidia kutengeneza kimchi, kabichi yao ya kuchachusha. Kabichi za Kichina zilikuwa zimelala kwenye chumvi usiku kucha ndani ya mabeseni, zimelegea kama kitambaa. Tukazipaka pilipili, vitunguu saumu na mchuzi wa samaki, jani kwa jani, kwa glavu. Mimi nilivua zangu, nikajifuta jicho. Sitarudia. Kwenye fleti ya ghorofani harufu ile ingeleta kesi; gereji, tena ya baridi ya Illinois, ni friji ya bure.

Ua nao una kazi. Jirani analima kkaennip, majani ya ukoo wa mnanaa, mapana kama kiganja, wanayofungia nyama ya kuchoma. Ng'ambo ya uzio kuna Wakongo, nao mji huu wamejaa, na wao wamepanda lengalenga, mchicha wa kwetu. Wakulima wakubwa wa hapa wanawajua ndugu wa lengalenga kama magugu, wanawapulizia dawa. Mama Mkorea alionjeshwa siku moja, akachemsha kidogo, akakamua maji, akatia mafuta ya ufuta na chumvi, kama wanavyofanya spinachi yao. Mwaka huu kaomba mbegu. Mama Mkongo kampa, ila bado anashangaa mboga kuliwa bila mawese.