Makusudi mazima

Swali limetoka kwa dada anayeuza nyanya Kiboroloni, Moshi. Jirani yake wa meza alipiga teke fungu la nyanya likamwagika, akaomba radhi: "Samahani dada, sikufanya makusudi." Mteja mmoja akadakia kwamba aseme "kwa makusudi", vinginevyo si Kiswahili. Nani yuko sahihi?

Mwenye teke yuko sahihi, na mteja pia angekuwa sahihi kama angeishia kwenye manunuzi yake. Amefanya kusudi, makusudi, kwa makusudi: zote zinasemwa na zote safi. Asili ni Kiarabu, qasd na maqsud, kwa hiyo hata anayetamka "maksudi" simgombezi. Nyanya zilipwe, yaishe.

Sasa nipewe nafasi nitoe la moyoni. Kuna tangazo nimelikuta limebandikwa ukutani hapa mjini, ofisi siitaji: "Kwa makusudi mazima ya kuboresha huduma, maji yatakatwa kuanzia saa mbili asubuhi." Mazima! Mayai tunayaita mazima kwa sababu yanaweza kupasuka. Makusudi yanapasukaje? Kuna ofisi inayokata maji kwa makusudi nusu, au kwa makusudi yenye ufa?

Najua nitajibiwa kwamba hapo "makusudi" ni wingi wa kusudi, kama tunavyosema makusudi ya Mungu. Sarufi haina kesi. Kesi iko masikioni. Mama akisema "mtoto huyu ana makusudi", hamsifu, anatafuta fimbo. Ukimwambia konda "umenipitisha kituo makusudi", unaanzisha ugomvi. Neno hili likikaa karibu na jambo lenye kuumiza, linanuka ubaya. Muulize wakili yeyote: Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 195 ni kuua bila kukusudia, cha 196 ni kuua kwa kukusudia. Mtu wa 196 hukumu yake ni kifo. Halafu wewe, mwenye koki ya mji mzima mkononi, unabandika ukutani, kwa maandishi, na mhuri juu, kwamba umekata maji kwa makusudi, tena mazima. Hilo si tangazo, ni maelezo ya onyo polisi, yale anayoandikisha mtuhumiwa.

Majukwaani nimeshanyoosha mikono. Mgeni rasmi akishika kipaza sauti lazima aseme amekuja "kwa makusudi mazima ya kuungana nanyi", na watu waliokaa juani tangu asubuhi hawana haja ya somo la lugha, wanataka amalize wale. Aseme tu.

Lakini mwandishi wa tangazo ana muda na ana kalamu. Aandike: "Ili kuboresha huduma, maji yatakatwa." Na nafasi itakayobaki kwenye karatasi atuambie yanarudi saa ngapi.